Kuchunga Bila Kumiliki: Malezi ya Kikristo Kibondo na Kasulu

Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Kabla ya hapo wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakiishi pale walihojiwa. Wachache walionekana bado wana sababu ya kupewa hifadhi, wakahamishiwa kambi ya Nyarugusu. Wengine zaidi ya 30,000 walifutiwa hadhi ya ukimbizi na kurudishwa kwao kwa misafara ya magari. Mle kambini mlikuwa na makanisa, na makanisa hayo yalikuwa na wachungaji, makatekista na wazee ambao nao walikuwa wakimbizi. Muumini aliyejua kwamba shamba la baba yake limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, au aliyeshuhudia ndugu zake wakiuawa mwaka 1993, alikuwa na kila haki ya kumwendea mchungaji wake na kumuuliza afanye nini. Swali la namna hiyo halimalizwi kwa kufungua Biblia na kusoma mstari mmoja, na linapima uchungaji kuliko mahubiri ya Jumapili yanavyoweza kuupima. Hoja yangu ni kwamba katika nyanda hizi za juu za Kigoma malezi ya Kikristo yamefaulu yalipomwacha anayelelewa na uwezo mkubwa zaidi wa kuamua na kutenda kuliko aliokuwa nao mwanzo, na yameharibika yalipomfanya kuwa mali ya anayemlea, hata kama mlezi huyo alikuwa mtu mwema.

Historia ya Buha, yaani nchi ya Waha, inaeleza kwa nini kazi hii imekuwa mikononi mwa watu wasio na daraja kubwa kanisani. Mapadri na wamisionari wa Kianglikana waliofika huku walikuta watu waliotawanyika juu ya vilima, kila ukoo na migomba yake. Kisha watu hao hawakuachwa watulie. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha wengi kwa sababu ya malale. Wanaume walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga, wakajulikana kama manamba, na wengine walikaa huko miaka huku mzigo wa nyumba ukibaki kwa wanawake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, vijiji vikapangwa upya kando ya barabara. Kanisa Katoliki lilipata vikariati ya Kigoma mwaka 1946 na jimbo kamili mwaka 1953. Waanglikana walipata Dayosisi ya Western Tanganyika mwaka 1966, makao yake yakiwa Kasulu, na askofu wake wa kwanza akiwa Musa Kahurananga. Lakini padri au mchungaji mmoja mwenye vigango au mitaa mingi hawezi kujua nani amefiwa juzi na nani hajala tangu jana. Anayejua ni katekista anayekaa palepale, mwenye baiskeli na daftari la majina, na mama anayeongoza jumuiya. Uchungaji wa kila siku umekuwa kazi yao tangu mwanzo, na mtu akiutathmini kwa kuhesabu mapadri na wachungaji waliowekewa mikono, atakuwa hajaona sehemu yake kubwa.

Mikondo miwili iliwapa watu hao mbinu za kufanya kazi. Wa kwanza ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulitokana na urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, ukashika moto Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, kisha ukaingia Tanganyika kupitia kaskazini-magharibi na kufika Buha kwa njia ya makanisa ya Kianglikana. Nguvu yake haikuwa mahubiri tu. Watu walikutana kila juma, wakaungamiana makosa uso kwa uso, wakafuatana nyumbani wakati wa msiba na ugonjwa. Mmisionari mzungu alitakiwa kukaa kwenye benchi lilelile na mpishi wake na kukiri hasira zake mbele yake. Kwa wakati ule wa ukoloni hilo lilikuwa jambo zito, kwa sababu lilimweka anayeongoza chini ya macho ya anayeongozwa. Mkondo wa pili ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Familia za jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, halafu huulizana nani anaumwa, nani hana ada, nani amegombana na nani. Pale ambapo jumuiya ni hai, mgonjwa wa Hospitali ya Kabanga, wilayani Kasulu, hupata mtu wa kumpikia na mtu wa kukaa na watoto wake. Pale ambapo jumuiya imebaki kuwa chombo cha kukusanya michango, mgonjwa huyo anabaki jina kwenye orodha ya wadaiwa.

Hata hivyo mikondo yote miwili ilikuwa na hatari ndani yake, na ni vema isemwe. Maungamo ya hadharani yalipogeuka kuwa sharti, aliyechelewa kuungama alitazamwa kama mtu ambaye hajaokoka, na siri za ndoa za watu zikawa habari za kijiji kizima. Jumuiya nayo ina nguvu ya kumtenga asiyehudhuria, hasa siku ya mazishi, ambapo familia inaweza kuambiwa marehemu hakuwa mwanajumuiya. Mbinu ileile inayomleta jirani karibu inaweza kumshika koo. Kwa hiyo ukaribu peke yake hautoshi kuwa kipimo cha malezi mema. Lazima tuulize ukaribu huo unamfanyia nini mtu aliye dhaifu zaidi katika kikao, na kama ana njia ya kusema hapana bila kupoteza ndugu.

Kambi zilileta jaribio kubwa kuliko yote. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 21, 1993, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu. Novemba 1996 Nyarugusu ilifunguliwa kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Kibondo peke yake ilikuja kuwa na kambi za Nduta, Kanembwa, Mkugwa, Karago na Mtendeli. Mashirika ya Kikristo yalikuwa na uzoefu wa kazi hii: shirika la TCRS lilikuwa likihudumia wakimbizi nchini tangu 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, na Wajesuiti, kupitia shirika lao la wakimbizi, JRS, walianzisha Radio Kwizera huko Ngara mwaka 1995 ili kuwafikia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Hata hivyo malezi ya kila siku yalifanywa na wakimbizi wenyewe. Chini ya turubai lililofungwa kwenye miti, na viti vya udongo uliokandwa, walipanga kwaya, ubatizo, ndoa na misiba. Mrundi aliweza kuelewana na Muha kwa urahisi, kwa kuwa lugha zao ni za karibu sana. Mkongo alikuja na Kiswahili chake. Mchungaji wa Nyarugusu alisimama foleni ya mgao pamoja na waumini wake, akiwa na kadi yake mkononi, akapokea unga, kunde na mafuta ya kipimo kilekile. Mgao ulipopunguzwa, naye alipunguziwa. Hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu sifa ya namna hiyo mbele ya watu wake.

Kwa sababu hiyo wale wanaotaka kutenga huduma ya roho na huduma ya tumbo hawaelewi kambi, wala hawajaisoma vizuri Matendo ya Mitume. Sura ya 6 inaanza na malalamiko ya mgao: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakujitwika wenyewe kugawa chakula. Waliitaka jamii ichague watu saba, na majina yote saba yaliyoandikwa pale ni ya Kigiriki. Ni wazi kwamba upande uliolalamika ulipewa nafasi ya kusimamia kile ulichokilalamikia. Hilo linatofautisha malezi na sadaka. Sadaka inaweza kumwacha anayepokea palepale alipo mwaka hadi mwaka. Malezi ya sura ile yaliwainua watu wa upande uliosahauliwa wakawa wasimamizi, na mmoja wao, Stefano, akawa shahidi wa kwanza wa kanisa. Makanisa yanayohudumia kambi na vijiji vya Kibondo yangejipima hivyo: ni wajane wangapi, ni walemavu wangapi wamo kwenye kamati inayoamua msaada uende kwa nani?

Turudi kwenye swali la kurejea, kwa maana ndilo lililonisukuma kuandika. Baadhi ya waliorudishwa kutoka Mtabila mwaka 2012 hawakukaa miaka mitatu. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kugombea muhula wa tatu, Warundi walikimbia tena. Makumi ya maelfu walikusanyika katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Nyarugusu ilifurika, Nduta ikafunguliwa upya mwishoni mwa 2015, na Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Kwa baadhi yao ilikuwa mara ya pili au ya tatu kukimbia. Kisha Septemba 2017 misafara ya kurejea kwa hiari ilianza tena, na tangu hapo zaidi ya watu 100,000 wamerudi Burundi. Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilikubaliana kurudisha wakimbizi kuanzia Oktoba 1, huku shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, likisisitiza kwamba hiari ndiyo msingi. Ndani ya hali hiyo, masoko ya kambini yakifungwa na ruhusa ya kutoka ikibanwa, neno la mchungaji lilikuwa na uzito wa kutisha. Anayesema kwamba Mungu amemwonyesha watu warudi, na anayesema kwamba Mungu amemwonyesha wasirudi, wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wamemnyang'anya mtu uamuzi ambao yeye na watoto wake ndio watakaoishi na matokeo yake.

Msaada wa kweli una sura nyingine, tena unachosha. Mlezi anakaa na familia na kuuliza ardhi yao iko wapi na nani yumo sasa, maana Burundi ni nchi yenye ardhi finyu na migogoro mingi kiasi kwamba iliunda tume ya taifa ya ardhi mwaka 2006. Anauliza mtoto aliye darasa la mwisho atafanya mtihani wapi. Anauliza mama anayemeza dawa kila siku ataipata wapi dozi ya mwezi ujao, na kama ana karatasi ya hospitali. Anatafuta habari kutoka kwa waliotangulia, zile za kutisha na zile za kutia moyo, wala hachagui zinazompendeza yeye. Anahakikisha kwamba mke anaulizwa peke yake, si kupitia kwa mumewe tu, kwa sababu fomu moja ya familia inaweza kuficha mawazo mawili. Familia ikiamua kuondoka, anaiandikia barua kwa parokia au mtaa utakaoipokea. Ikiamua kubaki, haifanyi ionekane kuwa na imani haba. Kazi hii haina sauti wala makofi, na kwa kuwa haina makofi, wahubiri wengi wanaikwepa.

Wapo watakaosema: mchungaji asiye na neno thabiti ni mchungaji gani? Watu waliochanganyikiwa wanahitaji kuelekezwa, na kumwambia mtu ajiamulie ni kumtelekeza kwa maneno mazuri. Pingamizi hili lina uzito na linapaswa kujibiwa kwa Maandiko yenyewe. Matendo sura ya 21 inasimulia safari ya Paulo kwenda Yerusalemu. Nabii Agabo alimtabiria vifungo, waumini wakamlilia asiende, na mwandishi wa kitabu mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Walisema walichokiona bila kukipunguza. Paulo alipokwisha kuamua, waliacha kumsihi, wakaliweka jambo hilo mikononi mwa Mungu. Awali kidogo, Tiro, wanaume, wake na watoto walimsindikiza hadi pwani wakapiga magoti pamoja naye. Unabii ulikuwepo, machozi yalikuwepo, na uamuzi ulibaki kwa msafiri. Nathani naye alipomkabili Daudi hakuanza na hukumu; alimpa kisa, na Daudi akaitamka hukumu kwa kinywa chake. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika kitabu chake cha uchungaji karibu mwaka 590, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kueleza kwamba watu wa hali tofauti hawaonywi kwa namna moja. Uongozi thabiti upo, ila uthabiti wake uko katika kusema kweli yote na katika kutoondoka baada ya mtu kuamua. Dhambi iliyo wazi huitwa dhambi. Njia mbili halali, zote zenye hatari, haziwezi kugeuzwa amri na mtu ambaye hatazipita.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Uhuru wa mtu unasaidia nini pale ambapo hana uwezo wa kuutumia? Mwaka 2000 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu ukatili dhidi ya wanawake katika kambi za wakimbizi wa Burundi magharibi mwa Tanzania. Ilionyesha wanawake waliobakwa walipokwenda kutafuta kuni, na wengine waliopigwa na waume zao ambao malalamiko yao yalisuluhishwa na wazee badala ya kufikishwa kwenye sheria. Makanisa yana sehemu katika desturi hiyo. Ni mara nyingi mno mke aliyevimba uso ameombewa, akashauriwa avumilie na kusamehe, akarudishwa nyumba ileile usiku uleule. Hapa kusema kwamba tunaheshimu uamuzi wake ni kumdanganya, kwa sababu mtu anayemwogopa anayelala naye hana uamuzi wowote mpaka kwanza awe salama. Mlezi anayetaka kumrudishia uwezo wake anaanza na hospitali, dawati la jinsia na watoto la polisi, na ofisa ustawi wa jamii. Mazungumzo ya msamaha yana wakati wake, na mwenye kuupanga wakati huo ni aliyeumizwa. Kwa mtoto hata hilo halisubiriwi. Padri anafungwa na siri ya kitubio, na sheria ya Kanisa lake haimruhusu kuivunja kwa vyovyote. Mzee wa kanisa au mama wa jumuiya hana kitubio, na anapaswa kusema mapema, kabla habari haijatolewa, kwamba hatakaa kimya mtoto akiwa hatarini.

Kwamba usalama hutangulia, lakini hautoshi peke yake, Kabanga inalifundisha kwa namna ya pekee. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia 2007 na 2008, shule ya msingi ya Kabanga, wilayani Kasulu, ikawa kimbilio la watoto wenye ualbino waliotolewa vijijini. Kuwakusanya kulikuwa kuwaokoa. Asiyekubali hilo hajafikiria ni nini kilichokuwa kikiwawinda. Lakini mtoto anayekaa miaka nyuma ya ukuta, mbali na mama yake, analindwa kwa gharama ya kitu kingine anachokihitaji. Ulinzi unaomalizika kwa mtoto kubaki palepale haujakamilika. Kazi iliyobaki iko kijijini alikotoka: jumuiya kulikemea wazi kosa la kuamini waganga wanaouza bahati kwa viungo vya watu, majirani kumfahamu mtoto huyo kwa jina, baba aliyemkimbia mkewe baada ya kujifungua kurudishwa kwenye wajibu wake. Kanisa lina watu katika kila kitongoji cha Kasulu na Kibondo, kwa hiyo kazi hiyo ni yake, na halina udhuru wa kuliachia shirika lenye gari.

Bado kuna wenyeji. Muha wa kijiji kilicho jirani na kambi ameona misitu ikikatwa na magari ya misaada yakipita mlangoni kwake bila kusimama. Akimwambia katekista wake kwamba wakimbizi wanalelewa kuliko yeye, kumkumbusha Msamaria Mwema hakutoshi. Inabidi asikilizwe kwa makini kama wale wajane wa Yerusalemu walivyosikilizwa.

Na walezi wenyewe nani anawalea? Makatekista wengi wanafanya kazi hii kwa posho ndogo au bila chochote, wakilima mihogo na maharage kama wengine. Uchovu wao si jambo la faragha, kwa sababu mlezi aliyechoka na asiyehojiwa huanza kutafuta malipo mengine: heshima ya kupita kiasi, zawadi, au utii wa watu waliomfungulia siri zao. Waraka wa kwanza wa Petro uliwaonya wazee wasilitawale kundi kwa mabavu wala kuchunga kwa tamaa ya fedha, na onyo hilo lisingeandikwa kama hatari isingekuwepo tangu siku za kwanza. Dawa yake ni ya kawaida: mlezi asiende peke yake kwenye nyumba ya mjane, asihifadhi fedha za msaada bila mtu wa pili kuziona, na awe na kikao ambacho wanaoongozwa wanaweza kumhoji yeye. Uamsho ulilijua hilo kabla haujageuka kuwa kaida. Wakongo wa Nyarugusu waliohamia Marekani kwa maelfu wamekwenda nalo swali hilohilo, kwani katika ibada zao za Kiswahili huko ughaibuni mchungaji ndiye pia mkalimani, dereva na msomaji wa barua za serikali, na mtu anayeshika barua za watu ameshika mengi.

Kwa hiyo Dayosisi ya Western Tanganyika, jimbo la Kigoma na makanisa ya Kipentekoste yenye waumini kambini yanaweza kuanza na jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Katika semina zijazo za makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa, siku nzima itengwe kwa mambo matatu ambayo hayamo kwenye mafunzo ya kuhubiri: namna ya kukaa na familia inayoamua kurudi au kubaki, hatua za kuchukua mwanamke au mtoto anapoumizwa, na utaratibu wa muumini kumlalamikia mlezi wake bila kuadhibiwa. Wakaribishwe ofisa ustawi wa jamii, muuguzi, na mkimbizi aliyewahi kurudi akakimbia tena. Nawe msomaji uliye mzee wa kanisa kambini au katika kijiji chochote cha Kibondo, usisubiri semina hiyo: wiki hii mtafute mtu mmoja uliyewahi kumwamulia jambo, umuulize limemfikisha wapi.